Mheshimiwa na Birika la Bi Tunu

Kuanzia Buguruni mpaka Mbagala hakuna mtu anayejua kufuga mbwa kunishinda mie. Sijisifu, nasema tu. Wapo watu wanafuga mbwa mpaka majirani wanahama. Mie mbwa wangu, miezi mitano niliyokaa naye pale Yombo, hajamkera mtu hata mmoja.

"We Projestus! Toka nje uone kazi ya mwanao!"

Huyo ni Sekela, mpangaji mwenzangu, chumba cha pili kutoka changu. Nikatoka na mswaki mdomoni. Nikamkuta uani kasimama kwa mguu mmoja kama korongo, ule mwingine kauinua hewani, na chini ya kandambili yake limeganda zigo la mbwa, bichi, linafuka.

"Hiki nini?"

"Sekela, wewe ndiye unasomea uuguzi. Mie nasomea ugavi. Hayo mambo ya vipimo ni ya kwenu."

"Nina zamu wodini saa moja, Projestus. Njoo uifute."

"Nifute ushahidi? Subiri kwanza tupate majibu ya maabara."

Akaivua ile kandambili akanirushia. Nikakwepa, ikapita sikioni, ikaenda kubamiza mlango wa Talha, mpangaji wa tatu. Talha akafungua. Akaitazama kandambili, akakitazama kilichobaki kwenye mlango wake, halafu akanitazama mie.

"Siku nikikukamata wewe na jibwa lako," akasema taratibu, "mama yako kule Bukoba ataletewa nguo tu."

"Mama yangu yuko Muleba," nikamsahihisha. "Utapoteza nauli bure."

Basi tufanye wawili. Mbwa wangu alikuwa amewakera watu wawili. Nyumba ilikuwa na watu wanne, na mmoja wa hao wanne ni mie mwenyewe. Aliyebaki ni mwenye nyumba, Bi Tunu, na huyo ndiye hasa ninayetaka kuwasimulia.

Bi Tunu ni mzaliwa wa Dar, siyo sie tulioshuka na mabasi. Mjane, kwenye miaka sabini na ushee, mdogo kama kijiti cha kiberiti na anawaka kwa namna hiyohiyo. Anaishi chumba cha mbele, vyumba vitatu vya uani anapangisha wanachuo. Pale uani kuna birika. Nikisema birika sisemi la chai. Ni birika la saruji, refu kama jeneza, kimo chake mpaka mapajani, alilijenga marehemu mumewe kwa mikono yake. Bomba likitoka maji linajazwa, na humo ndimo nyumba nzima inachota: kupika, kuoga, kufua na, kwa Bi Tunu na Talha, kutawadha. Ukingoni linakaa kopo la bluu lenye mkono. Ndani ya birika, ukiinama, utaona mstari mwekundu wa rangi ya mafuta.

Siku niliyohamia, kabla hata ya kunionyesha choo, Bi Tunu alinishika mkono akanipeleka kwenye ule mstari.

"Unaona hapo? Marehemu alipima kwa debe. Maji yakifika hapo ni kulateni."

"Kula nini, Bi Tunu?"

"Kulateni, mwanangu. Maji mengi. Yakiwa mengi hivyo, kitu kichafu kikitumbukia bahati mbaya, na maji yasibadilike rangi wala harufu wala ladha, ni safi bado. Yakiwa chini ya hapo, ni maji machache. Mbwa akitia ulimi, basi yote najisi. Na chombo alicholamba mbwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo."

"Mara saba!" nikasema. Mie sufuria langu la ugali huliosha nikikumbuka.

Wakati huo sikuwa na mbwa. Mbwa nilipewa mwezi wa pili tangu nihamie, na Allen, mshkaji wangu wa Bunju, ambaye jike lake lilizaa saba akawa anawagawa kama kadi za harusi. Nikamchukua mmoja kwa sababu ya masikio yake: moja limesimama, moja limelala. Nikampiga picha, nikaweka kwenye simu, watu sitini wakapenda. Nikamwita Mheshimiwa, kwa kuwa anakula bila kufanya kazi na ukimuuliza kitu anatazama pembeni.

Bi Tunu alipomwona hakupiga kelele. Alikaa kwenye kibao chake cha mbuzi, akaendelea kukuna nazi.

"Wa nini huyo?"

"Wa ulinzi, Bi Tunu. Si unakumbuka juzi walivyoanua nguo za Sekela kwenye kamba? Huyu akikua, mwizi hapiti."

Akafikiri. Mbwa wa kulinda, akasema, dini haimkatazi. Lakini alikuwa na sharti, na alilisema huku kanielekezea kifuu cha nazi kifuani.

"Atafungwa nyuma ya nyumba, kule kwenye mgomba. Uani haingii. Siku mbwa wako atakayonitilia najisi kwenye maji yangu, Projesti, utatoka wewe na yeye. Siku hiyohiyo. Mvua iwe inanyesha, mtihani uwe kesho, utatoka."

"Haki ya Mungu, Bi Tunu."

"Usimtaje Mungu kwa mambo ya mbwa. Sema 'nimesikia'."

"Nimesikia."

Nikasikia kweli. Kusikia siyo kazi. Kazi ilikuwa mbwa kukua. Mnyororo sikuwa nao, nikamfunga kwa waya wa pasi iliyokufa. Chakula chake nilimpangia mabaki yangu, halafu nikagundua kwamba mie siachagi mabaki. Basi Mheshimiwa akajitegemea. Alikula soli ya kiatu cheupe cha Sekela, kile cha wodini. Alikula kurasa thelathini za daftari lake la fiziolojia, na Sekela alipokuja na kile kilichobaki nikamwambia, "Hajakula, ameipitisha na kutia saini." Siku tatu hakunisemesha. Bwana mifugo alipopita na chanjo za kichaa pale shule ya msingi, watu walipeleka mbwa wao. Mie nilikuwa naangalia mpira. Nikajiambia huyu mbwa hana kichaa, ana tabia tu.

Halafu Ramadhani ikaingia, na vita kati yangu na Talha ikawa ya wazi.

Talha ni mtu wa Kunduchi, mama yake anauza samaki pale mnadani, na yeye anasoma darasa moja na mie. Kabla ya mbwa tulikuwa tunakula sahani moja. Baada ya mbwa akaacha kunipa hata chumvi. Mwezi wenyewe ulikuwa wa joto, bomba linatoka mara moja kwa wiki, watu wana kiu na hasira, na Mheshimiwa alikuwa amejifunza kuitikia adhana. Muadhini akianza tu, na yeye anainua pua, auuuu, mpaka mwisho.

"Mnyamazishe," Talha ananiambia.

"Mnyamazishe mwenyewe. Labda anataka kusilimu."

Alinikunja shati siku hiyo, vifungo viwili vikaruka. Sekela ndiye alitutenganisha, na hakututenganisha kwa upendo. Alitumwagia maji ya kufulia.

"Nyie wote wawili mna akili za huyo mbwa," akasema. "Tofauti yake ana aibu."

Kuanzia hapo ilikuwa kila siku. Talha akipita mlangoni kwangu anatema mate pembeni baada ya magharibi, kwa kuwa mchana hathubutu kupoteza mate. Mie nami nikipika mchana nafungua dirisha upande wake na kukaanga vitunguu. Sijivunii, lakini vitunguu vyenyewe vilikuwa vinanukia vizuri.

Ilibaki wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho. Nilihitaji vitu viwili tu duniani: meza yangu na paa juu ya meza. Chumba kingine cha kupanga karibu na chuo mwezi ule usingekipata hata kwa kusali katika dini zote mbili. Hilo Talha alilijua. Alikuwa anasubiri tu.

Jumamosi ikampa nafasi.

Ilikuwa saa saba mchana. Bi Tunu kaenda Buguruni kutafuta mihogo na magimbi ya futari. Sekela kafua tangu alfajiri, kaanika, kalala. Mie niko kitandani na vitabu vya ugavi usoni, vinanikinga na mwanga. Nikasikia yowe la Talha.

Nilipotoka, Mheshimiwa alikuwa uani. Waya umekatwa kwa meno, kipande kinaning'inia shingoni kama tai. Kasimama kwa miguu ya nyuma, mikono miwili kaiweka juu ya ukingo wa birika kama mtu anayeegemea kaunta ya baa, na kichwa chote kimezama ndani. Lap, lap, lap. Talha, ametoka msikitini na kanzu yake nyeupe, alikuwa nyuma yake na ufagio wa chelewa.

"Leo!" anapiga. "Leo ndiyo leo!"

"Usimpige mbwa wangu!"

"Nitampiga yeye, halafu nitakupiga wewe, halafu nitarudi kwake!"

Mheshimiwa akapita katikati ya miguu yangu akakimbilia kwenye mgomba. Tukabaki mie na Talha tunatazamana, na birika katikati yetu, na alama za makucha yenye tope kwenye ukingo.

Hapo Talha alifanya kosa. Nami kosa la adui nalinusa kutoka mbali, kama Mheshimiwa anavyonusa utumbo wa samaki. Kwa hasira zake hakuinama kuangalia mstari. Alikunja mkono wa kanzu, akazamisha mkono mpaka begani, akachomoa kizibo cha chini. Maji yote yakatoka, fuuu, yakapita uani, yakapita chini ya kamba ya nguo za Sekela, yakaingia mtaroni. Maji ya wiki nzima. Ndipo akashika kiuno akaniambia:

"Kafunge mabegi."

Mie nikacheka. Nilicheka kweli, siyo kujikaza.

"Talha, kaka, maji yalifika wapi?"

"Nini?"

"Mstari, ustadhi wangu. Yalikuwa juu ya mstari au chini ya mstari? Kama yalikuwa juu, ni kulateni, na kulateni haichafuki kwa ulimi wa mbwa mmoja. Na sasa hivi hatuwezi kujua, maana kuna mtu amemwaga ushahidi wote mtaroni."

Laiti mngeiona sura yake. Mdomo ulifunguka, swaumu ikapigwa na upepo.

Bi Tunu aliporudi na kikapu chake alisikiliza pande zote bila kukaa. Hakumtazama Talha wala mie. Alilitazama birika likiwa tupu, akapitisha kidole kwenye ukingo bila kuugusa.

"Yalifika wapi?" na yeye akauliza.

Talha akautazama mtaro; mie nilijua, ila nani angeniamini? Bi Tunu akaingia ndani. Akatoka tena na kusema kwamba yeye hatamfukuza mtoto wa mtu kwa kudhani, wala hatamweka kwa kudhani. Kesho alasiri angemwita Mzee Jabiri.

Mzee Jabiri ni mjumbe wetu wa nyumba kumi. Fundi cherehani mstaafu, ndevu zimekatwa kwa rula, na kesi zote za mtaa zinapita kwake: ukuta uliosogea, mume aliyesogea, kila kitu. Jumapili alifika kabla hajaswali, kwani alasiri ilimkuta njiani. Maji tulikuwa tumeshanunua ya madumu na kuyatia birikani, chini kabisa ya mstari, akatawadha pale uani, akaswali na Bi Tunu na Talha kwenye mkeka, akatukalisha.

"Tusipoteze muda, watu wana futari," akasema. "Sharti la mama huyu ni moja: mbwa asimtilie najisi kwenye maji. Mbwa kanywa, hilo halina ubishi. Ubishi ni kimo cha maji. Juu ya mstari, kijana anabaki. Chini ya mstari, kijana anatoka leo kabla ya magharibi. Nimekosea?"

"Hujakosea, mzee," nikasema mie.

"Yalikuwa chini," akasema Talha. "Wiki nzima bomba halijatoka."

"Uliyaona?"

"Nilimwona mbwa!"

"Nimekuuliza maji."

Talha akaanza kuchokonoa mkeka. Nikanyoosha kidole kama niko darasani.

"Mzee Jabiri, nina shahidi. Sekela. Jana alifua tangu alfajiri. Mtu anayefua ndiye anayejua maji. Tena siyo mtu wangu, mzee; Sekela ananichukia kuliko Talha."

"Hilo la kweli," akasema Sekela kutoka mlangoni kwake. Alikuwa anasuka nywele zake mwenyewe, kitana mkononi.

"Njoo, binti. Maji jana yalifika wapi?"

Sekela akaja, akapiga goti kidogo kumwamkia mzee, kwao Mbozi hawasahau. Nilimwona akinitazama, akimtazama Talha. Alikuwa mtu wa kusema kweli, na kweli nilikuwa naijua.

"Bomba lilitoka alfajiri ya jana," akasema. "Saa kumi na moja na nusu, nyie mmesharudi kulala, nikasikia linakoroma. Nikalijaza birika mimi mwenyewe mpaka juu, vidole vinne juu ya ule mstari. Mie nilifulia ndoo zangu, nilizokinga pembeni. Nilipoenda kulala lilikuwa bado limejaa."

Mzee Jabiri akapumua kwa pua.

"Basi ilikuwa kulateni," akasema. "Maji yalikuwa safi. Aliyeyamwaga ndiye aliyewafanya wenziwe wakose maji."

Jamani. Kuna utamu wa futari, kuna utamu wa sikukuu, na kuna utamu wa kumwona Talha anaangalia vidole vya miguu yake. Bi Tunu alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali dawa chungu.

"Sheria ni sheria," akasema. "Projesti abaki. Ila mbwa umnunulie mnyororo."

"Nimesikia, Bi Tunu."

Kikao kingeishia hapo. Mzee Jabiri alikuwa ameshakusanya kofia yake na fimbo. Mtu mwenye akili angesema asante, angeingia ndani, angefungua daftari la ugavi. Lakini Talha alipita karibu yangu akaninong'oneza, "Umeponea chupuchupu, mwana wa mbwa," na mie sikuumbwa kwa ajili ya kunong'onezwa.

"Mzee Jabiri, samahani, usiondoke!" nikapaza sauti. "Huyu anaendelea kunitukana. Nataka aniombe radhi hapa hapa. Miezi mitano ananisema mtaani kwamba mie mchafu, mbwa wangu mchafu. Mie namfuga mbwa wangu kwa heshima ya nyumba hii. Bi Tunu aliniambia mambo ya vyombo siku ya kwanza, na mie nikashika. Mheshimiwa ana bakuli lake, kule kwenye mgomba, anakula humo, anakunywa humo. Chombo cha mtu hajawahi kugusa hata kwa mkia!"

"Muongo," akasema Talha.

"Muulizeni Sekela! Si shahidi wa kweli huyu? Si mmemwamini sasa hivi? Sekela, waambie. Umewahi kumwona mbwa wangu anakunywa kwenye chombo cha mtu?"

Nilimwuliza kwa sababu nilikuwa na hakika. Sekela asubuhi huwa anatoka saa kumi na mbili kamili kwenda wodini, anarudi jioni. Angeona nini?

Sekela alikuwa ameshageuka kurudi mlangoni kwake. Akasimama.

"Kwani lile kopo la bluu ni la nani?" akauliza.

"Kopo lipi?" akasema Bi Tunu.

"Lile." Akaonyesha kwa kitana. Kopo lilikuwa ukingoni mwa birika, linadondosha maji kwa chini, pale Mzee Jabiri alipoliweka baada ya kutawadha. "Mie nilidhani ni lake. La mbwa. Ndiyo maana mie nina kopo langu chumbani."

Hapa inabidi niwaambie kitu ambacho sikuwaambia mapema. Bakuli lilikuwepo. Lilikuwepo wiki ya kwanza. Halafu Mheshimiwa alilitafuna, lilikuwa la plastiki, na mie nikasema nitanunua jingine kesho.

"La mbwa vipi, binti?" Mzee Jabiri aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ilivyokuwa dakika moja nyuma.

"Wiki hizi tatu niko zamu ya mchana," akasema Sekela. "Asubuhi niko dirishani nasoma, maana daftari langu la fiziolojia liliisha kwa njia mnayoijua, nanakili upya. Kila siku, kwenye saa kumi na mbili na nusu, mama na Talha mkiwa mmelala baada ya alfajiri, huyu anatoka. Anamfungua mbwa kule nyuma, anapiga mluzi. Mbwa anakuja hapa hapa uani. Anachota na kopo, anamshikia mpaka amalize, anachota tena. Halafu analirudisha pale."

Hakusema kwa chuki. Ningependa angesema kwa chuki, ningepata pa kushika. Alisema kama anavyosoma joto la mgonjwa kwenye chati.

"Kila siku?" akasema Talha. Hakupaza sauti. Miezi mitano namsikia Talha akipaza sauti, ile ilikuwa mara ya kwanza kumwogopa.

"Tangu mfungo uanze. Kabla ya hapo sijui, nilikuwa natoka mapema."

"Na wewe ukaona ukanyamaza?"

"Mie Mmoraviani, kaka Talha. Sikujua mnatawadhia hilo. Nilijua mna la kwenu ndani. Nilimwona mzee leo, nikajiuliza."

Mzee Jabiri alikuwa ameinua mikono yake mbele ya uso, kama mtu anayesoma kitabu kidogo. Alivitazama viganja, akaitazama migongo. Ndevu zake zilikuwa bado mbichi. Sala ya alasiri ilikuwa palepale kwenye mkeka, haijapoa.

Bi Tunu akakaa chini. Siyo kwenye kiti, chini kwenye saruji. Midomo yake ilikuwa inatembea, na vidole vilikuwa vinagusana kimoja kimoja na gumba. Anahesabu. Leo ni mfungo wa kumi na tisa. Swala tano kwa siku, na tarawehe, na zile za usiku anazoswali peke yake akidhani hatumsikii. Alipofika kati alipotelewa na hesabu, akaanza upya.

"Bi Tunu," nikasema. "Shikamoo." Sijui kwa nini nilisema shikamoo. Tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi.

Vidole vyake vikaendelea kuhesabu.

"Nililisuuza," nikasema. "Haki ya Mungu nililisuuza kila mara. Sikuliacha hivihivi."

Mzee Jabiri akashusha mikono. "Ulilisuuza mara ngapi?"

Nikatafuta mdomoni mwangu. Huwa kuna kitu humo siku zote, utani, jibu, chochote. Talha alikuwa ananitazama, Bi Tunu alikuwa ananitazama, na nyuma ya nyumba Mheshimiwa akaanza kubweka bila sababu.

"Mara saba," nikasema.

"Moja," akasema Sekela. "Na Jumatano hakusuuza kabisa. Alikuwa anachelewa chuo."